Miezi Arobaini na Saba

Kamachumu, Muleba
11 Februari 1990

Kwa Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Unaamkaje huko Bakoba, na kile kikohozi cha Krismasi kimekuachia? Sisi tunaamka. Celina ameota jino la pembeni na anajisifu kana kwamba amelichonga mwenyewe. Baba anaamka lakini hali vizuri. Anasema ndizi za mwaka huu ni chungu. Nimezionja, si chungu.

Nakuandikia kwa sababu nikikutazama usoni maneno hunikauka. Wewe mwenyewe huniita bubu wa kaka yako Rugaibula. Kwenye karatasi sioni haya sana.

Unajua kwamba sikuchaguliwa kwenda sekondari. Shuleni kwetu walichaguliwa wawili, wote wavulana. Nimeshalia, nimemaliza. Sasa yuko Celina, darasa la nne. Asipochaguliwa kama mimi, itabaki shule ya wazazi, nayo ni ya kulipia. Sitaki abaki nyumbani kama nilivyobaki.

Baba amepata mafao yake baada ya chama cha ushirika kupunguza wapima kahawa. Ni shilingi elfu themanini na mbili. Anasema fedha ikikaa kwenye nyumba ya mgonjwa huondoka na dawa na wageni, kwa hiyo lazima igeuzwe kitu. Mzee Mutembei, jirani yetu, anamshauri anunue ng'ombe. Baba anakitaka kile kioo cha kunasa umeme wa jua ulichotusimulia, kilichoko dukani kwa Rasiklal, pale barazani unaposhonea. Ameniambia, "Wewe uliyesoma, piga hesabu. Ukisema hapana, nanunua ng'ombe."

Hesabu yangu ni hii. Kioo na betri yake ni 75,000. Mafuta ya taa tunachoma lita sita kwa mwezi, kila lita 120, jumla 720. Hayo hatutanunua tena. Halafu watu wa hapa wenye redio kubwa hupeleka betri zao za gari mpaka Muleba kuchajiwa. Sisi tutachaji betri nane kwa mwezi kwa 150 kila moja, yaani 1,200. Siku zinazobaki jua litachaji ya kwetu. Jumla ni 1,920 kwa mwezi. Kioo kitarudisha fedha yake kwa miezi thelathini na tisa, na baada ya hapo kila shilingi ni ya ada ya Celina.

Ninaogopa, Shangazi. Sijawahi kuambiwa niamue jambo la nyumba nzima. Mwonyeshe Rasiklal karatasi hii, aniambie nimekosea wapi. Jibu lako nitamsomea Baba kwa sauti, maana macho yake hayakamati herufi tena.

Binti yako,
Kokugonza

*

Bakoba, Bukoba
24 Februari 1990

Bubu wangu,

Marahaba, na nyingine ya akiba. Kikohozi kipo, kimepanga chumba na hakilipi kodi. Mwambie kaka yangu ale, aache kuzisingizia ndizi. Na huyo Celina, mwambie meno tulikuwa nayo sisi sote, hakuna aliyepewa cheo.

Karatasi yako nilimpa Rasiklal. Aliisoma amesimama, akaisoma tena amekaa, kisha akamwita mkewe Damayanti atoke jikoni.

"Nani ameandika hii?"

"Mtoto wa kaka yangu. Darasa la saba."

"Mimi nina mtoto Uingereza na shahada yake, hajui kugawanya."

Damayanti akamjibu palepale, "Angejuaje? Ulimpa kila kitu kizima."

Tulicheka mpaka wateja wakaingia kuuliza kuna nini. Lakini Rasiklal anasema umesahau jambo moja. Kioo kinaishi miaka ishirini, betri haiishi. Ikifika miaka miwili inakufa, unanunua nyingine, shilingi elfu kumi na tano. Nikamuuliza, haya basi, inalipa au hailipi? Akakuna kidevu. "Mama Alistidia, mimi kazi yangu kuuza. Kama kitu kimelipa, anajua yule atakayekuwepo mwisho."

Piga upya, uniambie ni miezi mingapi. Na mimi nina sababu yangu ya kutaka kujua. Kuna vijisenti kwenye mto wangu wa kulalia vinaninong'oneza.

Shangazi yako,
Alistidia

*

Kamachumu, Muleba
9 Machi 1990

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia ulicheka, ila chumba hicho cha kikohozi ukivunje. Chemsha majani ya mpera.

Nimeona aibu kusahau betri. Nimeongeza 15,000, sasa ni 90,000. Nimegawanya mara tatu ili niwe na hakika. Ni miezi arobaini na saba. Tukianza katikati ya mwezi huu, itaisha Februari 1994. Celina ataanza kidato cha kwanza Januari 1994. Tutapungukiwa mwezi mmoja tu, na mwezi mmoja mtu anaweza kuomba avumiliwe.

Nilimsomea Baba. Akaniuliza, "Arobaini na saba ni miaka mingapi?" Nikamwambia minne kasoro mwezi. Akasema, "Celina atakuwa mrefu." Kisha akasema tununue.

Fedha nimezishona kwenye pindo la shuka kama ulivyonifundisha, anakuletea Elieza wa basi. Asijue amebeba nini.

Binti yako,
Kokugonza

*

Bakoba, Bukoba
15 Machi 1990

Bubu mwenye hesabu,

Marahaba. Fedha zimefika zote. Elieza aliniambia, "Shuka hili zito, Mama, limelowa?" Nikamwambia limelowa machozi ya wanawake, akaliacha upesi.

Kioo kinakuja na fundi Shaban. Umpe chai na umpe ndizi, lakini usimpe uenyeji, ana maneno matamu huyo.

Sasa nisikilize. Mwambie asikipigilie kwenye paa. Achimbie nguzo uani, kioo kikae juu ya nguzo kwa kamba au kwa ndoano, jioni mkitoe mkiingize ndani. Ni usumbufu, najua. Fanya hivyo hivyo. Sababu nitakuambia tukionana uso kwa uso. Nitakuja Pasaka, Mungu akipenda.

Shangazi yako,
Alistidia

*

Kamachumu, Muleba
2 Aprili 1990

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Je, mabega yanakuuma bado kwa kushona?

Imewaka. Sijui niandikeje. Celina alisoma kitabu chake cha historia chote, mpaka majina ya wachapaji nyuma. Baba alitazama mkono wake chini ya taa, akaugeuza huku na huku, akasema, "Kumbe nimekonda hivi." Halafu akacheka, nasi tukacheka kwa sababu alicheka.

Shangazi, nimekukosea. Kioo kiko juu ya paa. Shaban alipouliza kwa nini kiwe juu ya nguzo, sikuwa na sababu ya kumpa. Alisema masika hii upepo utakiangusha, na wezi watakibeba kama yai. Nami niliogopa wezi. Baba akasema, "Kioo cha kutolewa na kuingizwa kila siku kama mbuzi? Kipigilie. Kitu cha nyumba yangu kikae kwenye nyumba yangu." Shaban akapigilia misumari minane, ile mirefu yenye kofia.

Wateja wa betri wameshafika sita. Nimechora jedwali kwenye daftari, miraba arobaini na saba. Kila mwezi ukiisha nitatia rangi mraba mmoja.

Binti yako,
Kokugonza

*

Bakoba, Bukoba
20 Mei 1990

Kokugonza,

Marahaba. Pasaka sikuja, mmeona. Homa ilinishika Ijumaa Kuu ikaniachia wiki ya tatu. Sasa naamka, nashona nimeegemea ukuta.

Nimesoma kuhusu misumari mara nyingi kuliko ulivyogawanya. Ing'oe. Mtafute fundi yeyote aing'oe, nguzo ichimbwe. Usiniulize kwa barua. Barua hii unaisoma kwa sauti, na kuna mambo hayasomwi kwa sauti nyumbani mwa mtu aliye hai. Kaka, usinikasirikie. Ni wasiwasi wa wanawake tu.

Shangazi yako,
Alistidia

*

Kamachumu, Muleba
19 Agosti 1990

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Homa isirudi. Baba amelala tangu Julai, anaamka kuota jua tu.

Misumari haikung'olewa. Baba alikataa, alisema yatabaki matundu manane juu ya kitanda chake na mvua itamlowesha. Kweli vyote viwili sikuweza kuvifanya, kukutii wewe na kumtii yeye.

Naandika kwa jambo jingine. Hesabu yangu imeharibika na sijui niisahihishe wapi. Aprili tulipata 1,200 kamili. Mei 900. Juni 450. Julai 300. Wateja wapo, jua lipo. Kinachokosekana ni betri yetu na siku zetu, kwa sababu ya misiba.

Ilianza kwa mama Mwijage. Walikuja kuomba taa, waombolezaji walikuwa wengi na hawana mafuta. Tukapeleka betri na taa, wakakaa navyo siku nne. Vikarudi betri imekauka kabisa, jua lote la siku tatu likaenda kuijaza yenyewe. Haijajaa, msiba mwingine. Julai nilihesabu, taa yetu ilikuwa matangani siku kumi na tisa. Tunakaa na kibatari, mafuta tunanunua tena. Watu wanaoletwa kutoka Bukoba na Mwanza kuja kufia nyumbani ni wengi, na wote ni wa umri wako na wa Baba. Wanasema ni Juliana, ule ugonjwa wa kukonda uliokuja na mashati ya magendo baada ya vita. Wanausema wakiwa wamegeuza uso.

Nilimuuliza Baba kama tunaweza kutoza hata shilingi hamsini. Alinitazama kana kwamba nimetukana. "Jirani akifiwa unampelekea nini?" Nikasema kuni, ndizi, maji. "Na bei yake?"

Shangazi, kwenye hesabu nilitia betri kufa. Sikutia watu.

Binti yako,
Kokugonza

*

Bakoba, Bukoba
30 Septemba 1990

Bubu wangu,

Marahaba. Mpe pole baba yako. Mfunike miguu hata kukiwa na joto.

Amekujibu sawa. Taa ya msibani haitozwi. Anayetoza kwenye machozi, siku yake ikifika atalia peke yake. Nilimsimulia Rasiklal, akasema, "Basi mwambie alihesabu vizuri, ila alihesabia kijiji kingine." Damayanti akamkanyaga mguu. Yeye hufungasha kimyakimya siku hizi. Wanaondoka, nafikiri, kama walivyoondoka wenzao.

Usiache kutia rangi miraba yako. Imebaki mingapi? Niandikie ni mingapi.

Shangazi yako,
Alistidia

*

Kamachumu, Muleba
25 Novemba 1990

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Afadhali leo nina habari njema, nimeitunza wiki nzima nisiimalize kwa kuisema.

Senene wameshuka! Wiki ile hapakuwa na msiba hata mmoja, taa ilikuwa nyumbani. Tuliitundika nje, tukaegemeza mabati ya zamani, senene wakaja kama mchanga unaomwagwa. Celina alikuwa nao mpaka ndani ya nywele. Siku tatu tuliuza senene wa shilingi 2,400. Ni zaidi ya mwezi mzima wa hesabu yangu! Wale wa kwanza niliwakaanga nikampelekea Baba. Alikula kiganja kizima, na hajala kitu kigumu tangu Oktoba. Akaniambia, "Kioo ni chako na Celina. Mimi nilinunua tu." Tulikuwa sisi watatu.

Miraba iliyotiwa rangi ni minane. Imebaki thelathini na tisa, namba ileile niliyoanza nayo kabla sijaijua betri.

Utakuja Krismasi? Baba anakuulizia. Anasema ana neno kwa dada yake.

Binti yako,
Kokugonza

*

Kamachumu, Muleba
17 Februari 1991

Shangazi,

Shikamoo. Tulikutazamia mazikoni. Nilimwambia Elieza akupe habari mkononi mwako, akasema aliiacha kwa Damayanti kwa kuwa ulikuwa hutoki ndani. Hutoki ndani kwa nini?

Baba alitutoka tarehe 3. Taa yetu ndiyo iliyowamulikia waombolezaji. Jirani zetu wote tuliowapelekea taa walileta kuni, zilijaa mpaka njiani. Kwa hilo sijuti.

Siku ya kuondoa tanga waliketi wazee wa ukoo. Baba Mdogo Karugendo alikuja kutoka Kanazi na ndiye aliyetajwa mrithi, kwa kuwa Baba hakuacha mtoto wa kiume. Kibanja chote cha migomba ni chake, kahawa ni yake, nyumba ni yake. Hilo nililitarajia. Wakafika kwenye vitu vya ndani. Wakasema vinavyobebeka ni vya wasichana: vitanda, sufuria, betri. Nikasubiri waseme kioo. Hawakukisema.

Mzee Mutembei, Mungu ambariki, akauliza, "Na kile cha juu ya paa? Marehemu alimnunulia binti."

Baba Mdogo akatoka nje, akatazama juu, akarudi. "Kimepigiliwa misumari minane. Kilichopigiliwa kwenye nyumba ni cha nyumba, na nyumba ni ya ukoo."

"Ukoo ulinunua lini?" akauliza Mzee Mutembei.

"Mlango ulinunuliwa na nani? Bati? Akiolewa kesho atang'oa na mlango? Atabeba jua letu kwenye kikapu awapelekee watu?"

Wakacheka kidogo, vile watu wanavyocheka msibani. Nilisimama. Nilikuwa na daftari mkononi. Nilitaka kusema alivyoniambia Baba, lakini waliosikia ni mimi na Celina. Nilitaka kusema kila kitu, na kilichotoka ni hiki tu: "Bado miezi thelathini na sita." Wakatazamana. Mmoja akasema, "Mwacheni akae, ni uchungu wa baba yake."

Sasa najua kwa nini ulisema nguzo. Ulijua. Kwa nini hukuniandikia?

Kokugonza

*

Bakoba, Bukoba
10 Machi 1991

Mwanangu,

Mwandiko huu ni wa Damayanti, mimi natamka. Usiogope mwandiko.

Ningeandikaje? Unamsomea kaka yangu kwa sauti, yumo kitandani, halafu unafika mahali panaposema: akifa, kitakachopigiliwa kitachukuliwa na Karugendo. Kwetu mtu aliye hai hagawiwi mali yake masikioni mwake. Ni kumwita kifo kwa jina lake. Nilitaka kuja nikuambie nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Pasaka nilishindwa, Krismasi nilishindwa. Nilichagua heshima ya kaka yangu, nikakunyima kioo chako. Nililia sana, na kulia hakung'oi msumari.

Kuzika sikuja kwa sababu sisimami. Mkanda wa jeshi ulinitoka begani, sasa ni mdomo, siwezi kumeza. Unajua. Wewe ni mwerevu, tangu lini hujui?

Nilikuuliza ni miezi mingapi, ukadhani nakusaidia hesabu. Nilikuwa nahesabu yangu. Nilisema moyoni, ikiwa ni michache nitanunua na mimi kioo cha pale barazani, nishone mpaka usiku, nimwachie mtu kitu. Uliponiambia arobaini na saba nilitia fedha tena kwenye mto. Imeshaisha kwa dawa.

Rasiklal na Damayanti wanasafiri mwezi ujao. Cherehani ni yangu, haijapigiliwa popote. Njoo uichukue.

Chumba changu ni giza mchana na usiku, mafuta sina. Jambo dogo, lakini ndilo linalonisumbua.

Shangazi yako

*

Kamachumu, Muleba
9 Aprili 1991

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Sikuulizi unaamkaje. Nakuomba tu uamke.

Sijakukasirikia. Nilikaa na barua yako siku nyingi nikitafuta hasira, sikuipata. Hata mimi nisingeweza kuisoma sentensi ile mbele ya Baba.

Nikupe habari za huku. Baba Mdogo amemleta mke wake mdogo akae nyumbani kwetu. Celina wamemtoa shule ashike mtoto. Nilimuuliza Baba Mdogo habari za darasa lake la tano, akasema "tutaona", na ameshamtuma mtu aulize habari za familia moja ya Mwanza inayotafuta msichana wa kazi. Celina haongei. Jana nilimwona anasoma gazeti lililofungiwa sukari.

Kioo kinafanya kazi vizuri. Baba Mdogo anachaji betri kumi kwa mwezi. Amenunua betri yake, na msibani anatoza shilingi mia mbili kwa siku. Mzee Mutembei amefariki wiki iliyopita. Wanawe walitozwa, wakalipa. Nimepiga hesabu, sikuweza kujizuia. Kwake kitarudisha gharama yote kwa muda wa nusu ya ule wangu, na yeye hakutoa hata senti. Mwaka jana ulimuuliza Rasiklal kama kinalipa. Kinalipa, Shangazi. Hesabu haikuwa na kosa.

Nimeuza kitanda changu. Jana nilichukua betri yetu, ile inayobebeka, nikampelekea Baba Mdogo. Nilimlipa shilingi mia moja na hamsini anichajie kwa kioo chetu. Alipokea, akaniambia ningoje zamu, kuna mbili mbele yangu. Itakuwa tayari Ijumaa. Nimeshaifungia kamba ya mgomba, nitaibeba kichwani mpaka barabarani, na Elieza ameahidi hatanitoza kwa ajili yake. Taa ninayo pia, haikupigiliwa.

Ikijaa inawaka jioni nne. Ukiizima mapema, tano. Nitakaa karibu na wewe na sitakuwa bubu, nitakusomea chochote unachotaka, kwa sauti. Halafu nitashona, kama utanionyesha, nione kama cherehani inaweza kumrudisha mtoto wa darasa la tano.

Nafika Jumamosi tarehe 13, kabla ya saa sita mchana. Mwambie Damayanti asifunge mlango. Ni siku nne tu kutoka leo, Shangazi. Nihesabie hizo nne.

Binti yako,
Kokugonza